Bi Lipo na Basi la Jumapili

Jina lake la kuzaliwa wachache wanalijua, na wewe huna haja nalo. Stendi nzima humwita Bi Lipo. Amekaa nyuma ya dirisha la tatu miaka ishirini na mbili, anakatisha tiketi na kujibu maulizo, na miaka yote hiyo jibu lake ni moja. Basi la machimbo lipo? Lipo. La saa nne la hospitali? Lipo. Mtu hajamaliza kusema "Samahani mama, eti basi la..." yeye ameshasema lipo na anamtazama wa nyuma yake. Dirisha la kwanza lilizibwa kwa mbao siku nyingi, la pili wanawekea ndoo na mafagio, kwa hiyo ukitaka jibu tofauti, kaliulize fagio.

Usimdhanie mwongo. Mama aliyemtangulia kazini alimwachia vitu vitatu: ufunguo, mhuri, na ubao wa ratiba ukutani, ulioandikwa kwa rangi na mtu mwenye mwandiko wa kutisha kwa uzuri. Ubao umesema lipo. Yeye ni nani aseme halipo?

Sasa huyu Bi Lipo, mwanamke wa miaka hamsini na minne, alikuwa hajawahi kulala peke yake hata usiku mmoja. Utotoni walilala wanne kitanda kimoja, yeye wa ukutani. Akaolewa. Watoto wakaja wakajipanga katikati. Mume akatangulia mbele ya haki, watoto wakaoa na kuolewa, naye akasema, haya, sasa nitanyoosha miguu. Wiki ile ile paa la chumba cha mama mkwe likaanza kuvuja, kitanda cha bibi kikahamishiwa chumbani kwake "kwa siku mbili tatu." Siku mbili tatu hizo sasa zina miaka kumi na moja. Paa lilishazibwa zamani. Kitanda kimeota mizizi.

Na mama mkwe halali, anakagua. Kila baada ya kitambo anauliza gizani:

"Umelala?"

"Nimelala, mama."

"Haya. Nilitaka kujua tu."

Mambo yalianza siku msichana mmoja mwenye begi mgongoni alipokuja dirishani kutaka tiketi ya kwenda Mwisho wa Lami, ya kwenda tu, bila kurudi. Akaeleza bila kuulizwa kwamba toka pale atafuata pwani kwa miguu hadi kwenye mnara wa taa, atalala njiani ufukweni, na Jumapili atarudi na basi la Mnara.

Bi Lipo, ambaye katika miaka ishirini na mbili hakumuuliza mteja swali hata moja, akauliza: "Na nani?"

"Peke yangu."

Bi Lipo akampa tiketi ya basi la machimbo. Ilibidi msichana arudi kubadilishiwa.

Tangu siku hiyo hakutulia. Akipika, peke yangu. Akifua, peke yangu. Mwishowe akachukua ramani ya stendi, ile inayoonyesha mabasi yote, akaitandaza mezani na kuanza kupanga safari yake kama mtu wa kazi. Kwenye ramani ile pwani ni mstari wa buluu ulionyooka, na kutoka Mwisho wa Lami hadi Mnara kuna vituo vitano, kila kimoja mbali na mwenzake kwa kidole gumba. Kutoka nyumbani kwake hadi stendi, kwenye ramani hiyo hiyo, ni kidole gumba kimoja, naye hukitembea kwa dakika ishirini. Vidole vitano, dakika mia moja.

Akasikitika kidogo. Safari ya dakika mia moja utalalaje njiani? Akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: *Nitembee polepole.*

Mpango ukawa huu. Jumamosi basi la saa tatu asubuhi. Kutembea polepole. Kulala. Jumapili kufika Mnara, kupanda basi la saa saba na nusu mchana, kufika stendi kabla ya saa kumi. Kilichobaki ni mtu wa kukaa na mama mkwe, na mtu huyo ni mmoja tu duniani: wifi yake, binti wa bibi huyo huyo, ambaye anafua mashuka ya zahanati na ana ulimi wa kukatia kamba.

"Kutembea pwani?" wifi aliuliza. "Nani amekufukuza?"

"Hakuna aliyenifukuza. Nataka kutembea."

"Huko Mnara kuna msiba?"

"Hakuna."

"Kuna mtu?" Wifi akasogeza kiti karibu. "Niambie, wifi. Kaka yangu ana miaka kumi na tatu kaburini, mimi siwezi kukulaumu. Niambie tu anafanya kazi gani."

"Hakuna mtu. Ndiyo raha yake, wifi. Hakuna mtu."

Wifi alimtazama kama mtu anayetazama doa asilolijua kwenye shuka. Kisha akapumua. "Sawa, mama nitakaa naye. Lakini Jumapili naingia zamu saa kumi na nusu, na nimeshapewa onyo mara mbili kwa kuchelewa. La tatu ni kwaheri. Hilo basi la kukurudisha lipo?"

"Lipo."

"Ishia hapo hapo!" Wifi akanyanyua kidole. "Usinijibu kwa mdomo wa dirishani. Mwaka ule wa harusi ya binamu uliniambia lipo, nikakaa kituoni mpaka keki ikaliwa na watu wengine. Mimi nataka karatasi. Yenye mhuri. Bila karatasi, mama umbebe mgongoni uende naye huko Mnara."

Hapo ndipo Bi Lipo alipogundua jambo la ajabu: basi la Jumapili la kutoka Mnara hakuwahi kuliona. Dirisha hufungwa Jumapili. Siku hiyo yeye huwa nyumbani anamchua mama mkwe magoti. Ameuza tiketi zake maelfu, amesema lipo mpaka koo limeota sugu, lakini kwa macho yake, hata vumbi lake hajaliona.

Akaanza kuuliza. Akamuuliza dereva wa basi la hospitali.

"La Jumapili? Mimi sijui, mama. Muulize yule wa dirisha la... aa!" Dereva akacheka mpaka akashika usukani.

Akamuuliza mfagiaji wa stendi. "Lipo," mfagiaji alisema bila kusita. "Si ulinihakikishia mwenyewe?"

Basi akapanda ngazi hadi kwa Mkuu wa Njia, bwana nadhifu mwenye kalamu tatu mfukoni, zote za rangi moja. Mkuu alisikiliza, akafungua faili, akapekua, akafunga, akafungua jingine.

"Swali zuri," alisema. "Lakini halijibiwi hapa. Kuna ngazi zake. Tuwapigie maulizo."

Akainua simu, akapiga. Huko chini, kwenye dirisha la tatu, simu ikasikika ikilia. Ikalia, ikalia.

"Unaona?" Mkuu akatikisa kichwa. "Hapokei. Yule mama wa maulizo ni mzembe, tumepata malalamiko."

"Bwana Mkuu, mama mwenyewe ndiye mimi."

Mkuu akamtazama juu chini. "Sasa unafanya nini huku juu saa za kazi? Teremka ukapokee simu!"

Akateremka ngazi mbili mbili, akaingia dirishani akihema, akainua simu.

"Maulizo," alisema.

"Hapa Mkuu wa Njia," sauti ikasema, rasmi kama wako miji miwili tofauti. "Nina mfanyakazi hapa anataka kujua. Basi la Jumapili, Mnara kuja stendi, saa saba na nusu. Lipo?"

Msomaji, wewe ungesemaje? Alitaka kusema sijui. Wallahi alitaka. Lakini ulimi uliofanya kazi moja miaka ishirini na mbili haungoji mwenyewe afikiri.

"Lipo," alisema.

"Asante kwa ushirikiano." Kisha, baada ya dakika chache, barua ikashushwa kwa kamba kupitia dirishani, maana Mkuu hapendi ngazi: *Inathibitishwa kwamba basi tajwa lipo, kwa mujibu wa taarifa kutoka kitengo cha maulizo.* Chini kulikuwa na nafasi ya mhuri. Na mhuri, kama unavyokumbuka, alikuwa nao yeye.

Akagonga.

Wifi aliipokea barua, akaisoma mara mbili, akaunusa mhuri. "Hapa sawa," alisema. "Serikali ikisema, mimi nani?"

Waswahili walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Bi Lipo ilikuwa ya vidole vitano.

Wiki ile hakukosa washauri. Kaka yake, anayekodisha mahema ya sherehe, alisikia dada yake atalala nje, akafika na gari la mizigo na hema lake dogo kuliko yote: la watu hamsini, na nguzo zake sita za chuma.

"Kaka, mimi ni mmoja."

"Ndiyo maana sikukuletea la mia mbili."

Baada ya mabishano akakubali kumpa pazia moja tu la pembeni, jeupe, lenye marinda na vishada vya dhahabu, ambalo humetameta nyuma ya maharusi. Akalikunja kwenye begi. Mama mkwe naye, akiwa kitandani, alifuatilia maandalizi kwa jicho moja.

"Unaenda na nani?"

"Peke yangu, mama."

"Najua. Peke yako na nani?"

"Hakuna mwingine, mama."

Bibi akafikiri. "Sasa usiku atakuuliza nani kama umelala?"

Jumamosi saa tatu akapanda basi kama abiria, na dereva alipomwona upande usio wake wa kioo akazima injini. "Bi Lipo! Nani kafa?" Ilibidi awahakikishie abiria wote, mmoja mmoja, kwamba hakuna aliyekufa. Mwisho wa Lami akashuka, begi mgongoni, kofia ya kufulia kichwani, na bahari hiyo mbele yake.

Akatembea polepole kama alivyojiandikia. Akatembea saa nzima. Kituo cha kwanza hakikuonekana. Akazunguka mawe, mbele yake akakuta ghuba. Akaizunguka ghuba, mbele yake akakuta ghuba nyingine, imejificha nyuma ya ya kwanza kama mdeni. Akakutana na mama mmoja anakusanya mwani, akamwonyesha ramani.

Yule mama aliigeuza ramani juu chini, akacheka. "Nani kakunyooshea pwani hivi? Hii imepigwa pasi, dada. Yenyewe haijapigwa. Kituo chako cha kwanza kiko kule, unaona ule mti wa mvinje? Basi usiutazame huo. Nyuma yake."

Akaacha kutembea polepole. Akatembea kama mtu anayedaiwa jibu. Mchanga uliingia kiatuni, kisigino kikavimba, mkate wake uliloa maji ya chumvi akaula hivyo hivyo. Jua lilipozama alikuwa amefika kidole cha tatu, tena kwa kukadiria. Akajiviringisha kwenye pazia la harusi chini ya mwamba, vishada vya dhahabu vikimchezea puani, akalala chali na kunyoosha miguu yote miwili, kulia na kushoto, mpaka mwisho. Haikugusa mtu.

Alikuwa amejiandaa kulia, au kucheka, au kuomba dua ndefu. Badala yake akasikiliza. Maji yanakuja, maji yanarudi. Kitambo kikapita, kikapita kingine, mwili wake ukawa unangoja kitu. Mwishowe akauliza yeye mwenyewe, kwa sauti:

"Umelala?"

Hakuna aliyejibu. Akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, na hilo ndilo la mwisho analolikumbuka hadi alfajiri, kaa mdogo alipomtembelea kwenye mkono.

Vidole viwili vilivyobaki alivitembea na kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Saa saba na dakika kumi akafika Mnara. Pale kituoni, kwenye ubao wa kukalia, walikuwepo watu sita: bibi mmoja na mjukuu wake wa kike, fundi wa kuchomelea, bwana mwenye redio, na wachuuzi wawili wa mayai wenye trei zao.

"Basi lipo?" aliuliza, na kusikia sauti yake ikiuliza swali hilo kukamfanya ajisikie kama aliyevaa nguo ya mtu.

"Lipo," walisema wote kwa pamoja.

"Nani kawaambia?"

"Yule mama wa dirisha la tatu," alisema fundi.

"Mwenye sauti ya kukata," mchuuzi mmoja akaongeza. "Hakutazami usoni, lakini akisema lipo, lipo."

Bi Lipo akavuta kofia chini na kukaa pembeni. Saa saba na nusu ikafika. Ikapita. Ikawa nane kasorobo. Simu yake ikalia: wifi.

"Umeshapanda?"

"Nalisubiri."

"Unalisubiri au unalitunga? Wifi, nimeshavaa sare. Mama kaniuliza mara kumi na nne kama nimelala, na ni mchana! Nikichelewa leo nafukuzwa, na huo mhuri wako nitakugonga nao usoni."

Saa nane. Fundi akasimama, akasema ngoja tuwapigie maulizo. Akaweka simu kwenye sauti ya wote. Ikalia, ikalia, na Bi Lipo aliiona akilini meza yake, kiti chake, pazia limeshushwa, simu inatetemeka karibu na kikombe. Mkono wake wa kulia ukanyanyuka wenyewe kuipokea. Akaushika kwa mkono wa kushoto.

"Hapokei," alisema fundi. "Mzembe sana huyu mama."

Bibi aliyekaa naye akamgeukia. "Wewe dada una uso wa mtu mkweli. Unaonaje? Lipo?"

Wote wakamtazama. Ubao wa ratiba haukuwepo hapo, wala kioo, wala wa nyuma yake wa kumtazama.

"Sijui," alisema Bi Lipo.

Neno lilitoka na kutu. Akalirudia ili alizoee. "Sijui, bibi. Sijawahi kuliona. Na huyo mama wa dirisha la tatu naye hajui, maana ni mimi."

Bwana wa redio akazima redio. Mchuuzi mmoja akachukua yai kutoka kwenye trei, akalipima mkononi taratibu, huku akimtazama.

Na huenda angelirusha, kama honi isingelia kwenye kona ya barabara. Basi likaja. Zee, la rangi ambayo kampuni iliacha kuipaka siku nyingi, kioo kimoja kimezibwa kwa kadibodi, lakini linakuja. Yai likarudi kwenye trei.

Bi Lipo akapanda wa kwanza, akakaa nyuma ya dereva, mzee mwenye kofia ya zamani.

"Baba, umechelewa nusu saa."

"Nilianza kuchelewa nilipopata kisukari. Unisamehe, mwanangu."

"Njia hii unaiendesha siku nyingi?"

Dereva akaangalia kioo, akapunguza sauti. "Nikuambie siri? Njia hii ilifutwa miaka tisa iliyopita. Nililetewa barua. Nikasema ngoja nihakikishe, nikapiga maulizo, nikamuuliza mama mmoja, jamani, basi la Jumapili la Mnara bado lipo? Akanijibu hapo hapo: lipo. Mimi ni dereva tu, nibishane na ofisi? Nikaja. Nikakuta abiria wana tiketi. Jumapili nyingine tena. Mafuta natiliwa, hakuna aliyeuliza." Akamtazama vizuri zaidi kiooni. "Ana sauti kama yako, yule mama."

Bi Lipo akavuta kofia chini zaidi.

"Baba," alisema baada ya maili mbili, "nikikuomba uongeze mwendo?"

"Kuna ugonjwa?"

"Kuna wifi."

"Aaa," alisema mzee, na akakanyaga mafuta kama kijana.

Saa kumi na dakika kumi walikuwa stendi. Wifi alisimama getini na sare, amemshikilia mama mkwe kwapani kama mzigo wa mashuka. Hakusalimia. Alimsukumia bibi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akapokea begi, akagundua hana haja nalo, akalitupa, akakimbia. Aliingia zamu saa kumi na dakika ishirini na nane. Mama mkwe akamkagua Bi Lipo kuanzia kofia hadi kiatu cha mkononi.

"Ulilala?"

"Nililala, mama."

"Peke yako?"

"Peke yangu kabisa."

"Maskini," alisema bibi, akamshika mkono kumpeleka nyumbani.

Jumatatu asubuhi simu ya dirishani ikalia. Mkuu wa Njia.

"Kitengo cha maulizo. Kutokana na barua ya juzi nimepekua mafaili, nimekuta basi hilo la Jumapili lilifutwa miaka tisa iliyopita. Sasa nataka jibu la mwisho nilifunge faili hili. Lipo au halipo?"

Akawaona wale sita kwenye ubao wa kukalia. Akamwona mzee na kofia yake.

"Lipo," alisema. "Nililipanda mwenyewe. Linachelewa nusu saa."

Kisha akasikia faili likifungwa. "Basi hiyo barua ya kufuta ndiyo yenye makosa," alisema Mkuu. "Asante kwa ushirikiano."

Mteja wa kwanza alikuwa amefika dirishani, mama mwenye mwavuli. "Samahani, dada. Eti basi la Jumatano la kwenda bwawani, lile linalolala huko huko na kurudi Alhamisi. Lipo?"

Mdomo wa Bi Lipo ulishafunguka. Akaufunga. Akamtazama yule mama usoni, na mama wa watu akashtuka, akadhani kakosea kitu.

"Hilo sijalipanda," alisema Bi Lipo. "Nipe mpaka wiki ijayo."

Akageuka akautazama ubao mkubwa wa ratiba, akachukua kalamu nyekundu na karatasi, akaanza kuandika njia zote ambazo hajawahi kuziona kwa macho, hasa zile ambazo basi hulala. Zikafika kumi na nne. Jioni aliipeleka orodha kwa wifi, ikiwa na mhuri.

Wifi aliisoma, akahesabu siku atakazokaa na mama, akavuta kiti, akakaa.